Kichupa Kilichonukia Tangawizi

Hakuwa na mama wa kumuuliza, wala dada wa kumtania. Hakuwa na cherehani yake. Aliyoshonea ilikuwa ya kuazima. Mtoto pia hakuwa naye, maana mimba mbili zilikwishaharibika. Lakini moyoni fundi huyu alikuwa na siri.

Siri yenyewe haikuwa virusi vya UKIMWI alivyokuwa navyo. Mumewe, mjenzi wa barabara katika kambi ya mbali isiyo na simu, alijua, na fundi alimeza dawa zake kila siku. Siri ilikuja mimba ya tatu ilipofika miezi mitano. Haja ndogo ilimchoma kama pilipili, na mkojo ukawa na ukungu kama maji ya mchele.

"Watasema virusi vimeamka kwa uzembe wangu," akajisemea. Kwa mumewe akaandika, kama kawaida, "Mimi ni buheri wa afya."

Kliniki akapewa kichupa cha mkojo. Msalani akakitia chai aliyokuja nayo, akaizimua kwa maji mpaka rangi ikakubali.

Muuguzi, bibi mwenye miwani mizito, akakinusa. Akakinusa tena.

"Mwanangu, miaka ishirini napima mikojo, wa tangawizi sijauona! Sukari umetia?"

"Kidogo," fundi akanong'ona.

Wakaangua kicheko. Cha fundi kikageuka kilio, na kilio kikaimwaga siri yote.

"Virusi havijaamka," muuguzi akamwambia. "Hawa ni bakteria wa njia ya mkojo. Humpata mjamzito yeyote, na mwenye virusi ndiyo zaidi. Dawa ipo, na mtoto haimdhuru. Ukiwaficha watapanda kwenye figo, na mtoto atoke kabla ya siku zake. Chai kanywe kwako!"

Safari hii kichupa kikaja na mkojo wa kweli. Fundi akapewa dawa, akazimaliza, akapimwa tena: safi. Miezi ilipotimia akajifungua binti mwenye sauti ya king'ora.

Kipimo cha wiki ya sita kilipoonyesha mtoto hana virusi, fundi akashika kalamu. Hakuanza na buheri wa afya. "Mume wangu, nilikuficha maradhi. Sasa tumepona, mimi na binti yako. Hapa kliniki wanamwita Tangawizi. Njoo nikueleze sababu."

Akailamba bahasha, akaifunga, akaitia posta huku king'ora kikilia mgongoni. Wahenga hawakukosea: mficha uchi hazai.