Kioo cha Inchi Thelathini na Mbili

Hapo zamani, wala si zamani sana, usharika wetu wa milimani ulikuwa na kompyuta iliyochoka. Unaiwasha asubuhi, unakwenda kunywa chai, unarudi, bado inajiwasha. Lakini ndani yake yalikuwamo majina ya wote waliobatizwa kwetu, maana daftari la karatasi lilishaliwa na mchwa.

Tukachanga fedha za kununua mpya. Fundi akatuambia, "Wazee, kwa mchango wenu chagueni. Kioo kikubwa na nafasi ndogo ya kuhifadhi, au kioo kidogo na nafasi kubwa."

Mzee Mbonea, mwenyekiti wetu, akasimama. "Usharika wa bondeni wana inchi ishirini na nne. Sisi tuonekane wadogo?"

Akataka thelathini na mbili. Tukainua mikono. Na mimi, mzee wa kanisa, niliinua, Mungu anisamehe, nikijua kabisa kwamba nafasi haionekani kwa macho na wageni hawataisifu.

Fundi akahamisha majina, akaichukua ile kuukuu akatoe vipuri. Mpya tukaiombea, tukaifunika kitambaa cha kufumwa.

Akaja Kirumbe, mwalimu wa kwaya, na video zake. Pasaka akaweka, Mavuno akaweka, mazoezi akaweka, hata siku waliyokosea sauti akaweka. "Kwa kioo hiki," akasema, "mpaka jino langu la dhahabu linaonekana!"

Siku moja Nanzia, karani, akaniita. "Mzee, imeandika imejaa. Nifute nini?"

"Tuombe kwanza, mwanangu."

Nikaomba kwa kirefu, kama kawaida yangu. Nilipofumbua macho alikuwa ameshafuta majina ya ubatizo.

"Hayajafunguliwa mwaka mzima," akasema. "Kwaya inafunguliwa kila siku."

Nikasema amina, nikaenda zangu.

Kisha akaja Naelijwa, binti wa kuolewa Jumamosi, kuomba cheti cha ubatizo. Jina hakuna. Wazazi wake na wasimamizi wake wa ubatizo wote walishatangulia mbele za haki, hana wa kumshuhudia. Mama mkwe akatangaza mtaa mzima: "Mpagani haingii kwangu!"

Mchungaji akatuita ofisini sote wanne. "Mmoja wenu aende kwa yule mama, apige magoti, aseme ni yeye aliyepoteza jina la binti. Mama akikubali, nafungisha ndoa. Nani anakwenda?"

"Mimi nilichagua kioo tu," akasema Mbonea. "Kioo kinafuta jina la mtu?"

"Mimi niliweka sifa za Bwana," akasema Kirumbe. "Dhambi iko wapi hapo?"

"Mimi niliuliza!" akasema Nanzia. "Nikaambiwa tuombe."

Nami nikasema, "Mimi nilikuwa nimefumba macho." Tazameni uongo unavyojivika kanzu. Macho niliyafumba kweli, lakini masikio yalikuwa wazi, na kitufe nilikisikia.

Naelijwa alikuwa amesimama mlangoni. "Wazee wangu," akasema, "shela ninayo, mchumba ninaye, jina tu ndilo sina. Bodaboda iko nje. Inabeba mtu mmoja."

Hakuna aliyemtazama. Tukageukia kioo. Kilikuwa kimezimwa, cheusi, kisafi, na kwa ukubwa wake sote wanne tulienea ndani.

Haya, ninyi mnaonisikiliza, pikipiki imeshawashwa na binti anangoja. Je, nani alistahili kupanda?