Sanduku la Mjerumani na Sauti ya Shimoni

Wapendwa, huko milimani wanakolima tangawizi aliishi mwanamke mmoja, tumwite Nakijwa. Wazazi wake walifariki mdogo wake wa kiume akiwa bado mtoto wa kubebwa mgongoni, na Nakijwa ndiye aliyemlea mpaka akaota ndevu. Huyo mdogo tumwite Mbonea.

Juu kidogo ya shamba lao palikuwa na msingi wa nyumba ya Mjerumani, mawe tu yaliyoota nyasi. Kijiji kizima kilikuwa na habari zake. Walisema yule Mjerumani alipokimbia vita alizika sanduku la rupia za fedha, akachonga mshale kwenye jiwe ili akirudi asipotee. Nani aliyeliona hilo sanduku? Hakuna. Lakini kila mtu alikuwa na babu wa jirani yake aliyelibeba.

Mbonea aliamini. Mazao yakishavunwa alipanda huko juu na sururu yake kuchimba, na baadaye hata kabla ya kuvunwa. Nakijwa hakuamini hata chembe, na wala hakuficha.

"Hebu nieleze," alimwambia siku moja wakila, "mtu anayekimbia risasi anapata wapi nafasi ya kuchonga mawe?"

"Dada, wewe hata mvua huiamini mpaka ikulowanishe kanga."

"Mvua naiamini. Mvua imewahi kunyesha."

Mbonea akacheka, akanawa mikono, akarudi shimoni kwake.

Sasa angalieni, wapendwa, maana huyu mwanamke alikuwa na akili timamu, na alichosema kilikuwa kweli. Mara ya kwanza Mbonea alipopiga kelele kule juu, "Dada, njoo! Dada!", Nakijwa aliacha ugali jikoni akapanda mbio, mikono imejaa unga. Akakuta kipande cha pipa kilicholiwa na kutu. Mara ya pili akakuta chupa tupu. Majirani waliokuja nyuma yake wakacheka mpaka wakashika mbavu, na waliyekuwa wakimcheka si Mbonea peke yake.

"Ukiniita tena siji," Nakijwa akasema mbele yao wote. "Umenisikia? Siji."

Ikaja masika. Mvua ilinyesha mfululizo, na siku ilipopumzika Mbonea akashuka ndani ya shimo lake, ambalo sasa lilikuwa refu kumpita yeye mwenyewe. Nakijwa alikuwa mtoni, anaosha tangawizi ya kupeleka gulioni. Asubuhi ilikuwa imekwisha pambazuka vizuri, jua limetoka, watu wametawanyika mashambani.

Ndipo sauti ikaja kutoka juu. "Dada! Dada, njoo!"

Kijiji kikasimama. Halafu kikakimbia! Wanaume wakapita njia ya mtoni na majembe, wanawake na makoleo, mzee mmoja akapita na gunia tupu, amelikunja kwapani kwa adabu. Jirani mmoja, mwanamke, akasimama kidogo kuvuta pumzi.

"Nakijwa, huendi? Ndugu yako kalipata!"

"Nendeni nyie. Mimi nina kazi."

Akaendelea kuosha. Sauti ikaita tena, na safari hii Nakijwa alisikia kitu ndani yake, ukavu fulani, kama mtu anayesema huku kifua kimebanwa. Mikono yake ikasita majini. Akajiambia: ni furaha hiyo, amepata chupa nyingine. Akainamia kapu lake. Sauti haikuita tena, naye akaona kimya hicho kinamthibitishia kwamba hakukosea.

Walipomshusha Mbonea, walimbeba kwenye machela ya fito. Ukuta wa shimo ulikuwa umemporomokea, ukamfukia mpaka shingoni, na udongo ulikuwa ungali unateremka walipofika. Waliufukua kwa yale majembe na makoleo waliyopandisha kwa ajili ya sanduku; walipokaribia mwili wakatupa majembe, wakatumia mikono. Mguu ulikuwa umevunjika. Uso ulikuwa tope tupu, macho mawili yakiangaza.

Nakijwa akavuka mto bila kuangalia anapokanyaga.

"Ni nani aliyewaita?" akauliza, kana kwamba hakujua.

Yule mzee akatazama gunia lake, ambalo sasa lilikuwa chini ya kichwa cha Mbonea. "Mama, tusiseme uongo," akasema. "Sisi tulikimbilia rupia. Tungejua ni maporomoko, sijui kama wote tungekimbia vile."

Mbonea akageuza kichwa polepole. "Dada, nilikuita."

"Nilikusikia," Nakijwa akasema.



Wapendwa, sanduku halikupatikana, na sidhani kama lilikuwapo. Kwa habari ya sanduku, Nakijwa alikuwa sahihi tangu mwanzo mpaka mwisho, na kijiji kizima kilikosea. Lakini niambieni, ni nani aliyekuwa juu ya lile shimo? Wajinga walikuwepo. Wenye tamaa walikuwepo. Mtu mmoja tu mwenye kujua ukweli, tena aliyempenda kuliko wote, alikuwa mtoni.

Je, sisi hatumo humu? Tunaye kijana nyumbani anayefuata mambo yasiyo na kichwa wala miguu. Tulimwonya, na tulikuwa sahihi. Tunaye ndugu aliyekwenda kwa mganga, dada aliyeolewa na yule tuliyemkataza, rafiki aliyepoteza kila kitu kwenye ndoto zake. Wanapotuita tunasema, ni yale yale. Tunasikia ukavu kwenye sauti, na bado tunainama na kuendelea na kazi zetu, tukiwa na amani kwa sababu tulishasema.

Sikuombi uamini sanduku. Usiliamini. Ila ukiitwa, panda. Panda ukinung'unika, panda ukijua utakuta chupa. Utakuwa umepoteza asubuhi moja tu. Kwa maana siku itafika tutakapoulizwa habari za ndugu zetu, na hatutaulizwa ni nani kati yetu aliyekuwa sahihi. Tutaulizwa tulikuwa wapi walipoita.