Utepe wa Kanga Mguuni mwa Mhina

Kamba humtuliza mfungaji. Mmeisikia kwa jirani, mkaja mbio kuniuliza. Basi, kitendawili! Nimfungapo huyu, hulala yule. Ng'ombe? Siyo. Mlango? Siyo. Nipeni mji. Mmenipa Tanga? Haya, si haba, kaeni. Methali hii ilianza hivi.

Pale Muheza alikuwapo Mwajabu, mpika maandazi, na mwanawe mdogo, Mhina. Watoto wengine hupata miguu. Mhina alipata mbawa. Mara yuko juu ya meza, mara barabarani, mara amemwaga chumvi mtungini. Wenzake walichoka wakalala, yeye aliwachosha watu wazima. Maneno hana, na akiitwa hageuki.

Siku ya kupimwa uzito, nesi alimtazama, akasema, "Mama Mhina, huu si utundu wa kawaida. Mpeleke Tanga, yuko daktari wa tabia za watoto. Usikawie."

Mwajabu aliitikia. Lakini alipofika nyumbani, wifi yake Mashavu alicheka.

"Tanga kwa daktari wa vichaa? Kaka yangu alikuwa hivyo hivyo, na leo si ndiye mumeo? Mwanamume huyo, wifi!"

Wakamnywesha kombe, maji ya aya zilizooshwa sahanini. Wakamvisha hirizi, akaitafuna.

Asubuhi moja, mafuta yakichemka karaini, Mwajabu alichana kanga kuukuu, akamfunga Mhina mguu kwenye benchi. Mtoto alilia, kisha akanyamaza. Siku hiyo maandazi hayakuungua. Siku hiyo, kwa mara ya kwanza tangu ajifungue, Mwajabu alikunywa chai ingali moto.

"Alhamdulillahi," akawaza, "nimepata dawa."

Tanga hakuitaja tena. Mahindi yakavunwa, yakapandwa, yakavunwa tena, na Mhina yuko pale kwenye benchi.

Hata siku moja mtoto, aliyekwisha kupata nguvu, aliliburuta benchi likagonga karai. Mafuta yakamwagika, yakamkosa kwa unywele tu. Mwajabu alimbeba, akakumbuka maneno ya nesi. Kesho yake walikuwa Tanga.

Daktari, mama wa makamo, alimpima masikio, kisha akamwacha huru katika chumba chenye mipira na vikopo. Mhina hakugusa hata kimoja. Alikwenda moja kwa moja kwenye mkoba wa mama yake, akachomoa utepe wa kanga, akamletea, akanyoosha mguu.



"Nani kamfundisha hivi?" daktari akauliza.

"Ndio unaomtuliza, daktari."

"Unamtuliza nani, Mama Mhina?"

Mwajabu aliuchukua utepe, akaukunja, akasema nesi ndiye aliyewatuma.

"Nesi alikwambia lini uje?"

"Alipoanza... alipoanza kutembea."

Daktari alishusha pumzi. "Tutaanza leo, na atasogea. Ila ule muda uliopita, mama, sina pa kuutoa."

Wakaanza. Walikwenda wakarudi, wakaenda tena, mpaka Mhina akajifunza kukaa na mchezo, na maneno yakamjia moja moja. Utepe ule Mwajabu aliutia motoni. Lakini kila karai lilipotengwa jikoni, Mhina alikwenda mwenyewe kwenye benchi, akanyoosha mguu, akangoja.

"Cheza, baba. Nenda ukacheze," Mwajabu alimwambia, akijifuta macho kwa ncha ya kanga.

Mashavu aliyaona hayo, akasema kwa upole, "Usijilaumu, wifi. Si kamba ilimtuliza?"

"La, wifi," akajibu Mwajabu. "Kamba humtuliza mfungaji."