Nungunungu Aliyebisha Hodi Kwake

Paukwa!

Pakawa!

Sogeeni motoni, ila msimwamshe mtoto.

Hapo zamani za kale, Nungunungu alichimba pango zuri chini ya kichuguu. Siku moja ya mvua, Fisi alifika pale mlangoni, tumbo limeshuka.

"Hodi, dada! Uchungu umenishika. Nistiri!"

"Karibu, dada."

Nungunungu akamwachia nyumba yote, maana mzazi hasongwi. Yeye akaenda kujibanza kwenye gogo bovu.

Mvua ilipopungua, alirudi. Kwa kuwa ndani mna mzazi, alisimama nje kwa adabu.

"Hodi!"

"Nani?"

"Ni mimi, dada. Nimekuja kwangu."

"Watoto hawajafumbua macho. Utawatoa vipofu?"

Nungunungu akaona haya, akaondoka.

Akarudi tena.

"Hodi!"

"Nani?"

"Ni mimi, dada. Nimekuja kwangu."

"Watoto hawajaota meno. Huko nje watatafuna nini?"

"Basi nisamehe, dada."

Njiani akajiuliza, "Mbona mimi ndiye ninayeomba msamaha?"

Safari ya tatu, tumbo lake mwenyewe lilikuwa zito, na mawingu yamefunga.

"Hodi!"

"Nani?"

"Ni mimi, dada. Nimekuja kwangu. Nami nakaribia kuzaa."

Watoto wa Fisi wakachungulia, meno meupe pee!

"Mama, nani huyo?"

"Mgeni."

"Mgeni? Pango hili nimelichimba mimi!"

Fisi akacheka. "Kila siku hodi, hodi! Tangu lini mwenye nyumba akabisha hodi kwake?"

Nungunungu akaduwaa. Akatazama ukuta: alama za kucha zake hizo hapo. Akamtazama Fisi. "Kweli, mwenye nyumba habishi hodi. Na pango nimelichimba mimi. Sasa mimi ni nani?"

Akageuka aende zake. Papo hapo uchungu ukamkamata, miiba yote ikasimama. Mvua nayo ikaanza. Aende wapi?

Safari hii hakubisha hodi. Aliingia kinyumenyume, miiba ikitangulia.

"Aa! Dada, taratibu! Dada, utatuchoma!"

Akazidi kurudi nyuma. Fisi akaruka nje, wanawe wakamfuata, wakatokomea kwenye mvua.

Nungunungu akajifungua mtoto mmoja. Alikuwa bado anamlamba aliposikia kisauti mlangoni.

"Hodi..."

Alikuwa fisi mdogo kuliko wote. Mwiba umemkaa mguuni, mama yake hakumngoja.

Nungunungu akamtazama mwanawe, miiba yake bado laini. Akayatazama yale meno meupe. Moyo ukamwambia hivi, mgongo ukamwambia vile.

Akatoka, akauchomoa mwiba kwa meno yake.

"Kaa hapo hapo kizingitini. Mvua haikufiki."

"Niingie?"

Hakusema karibu. Hakusema nenda. Akajilaza katikati ya mlango, mwanawe nyuma yake, fisi mdogo mbele yake, asijue amefanya vema au amerudia kosa.

Msiniulize mimi, nami sijui. Hadithi yangu imeishia hapo, kizingitini.