Kalunguyeye Fundi wa Mchwa na Kigoda cha Mpakani

Paukwa?

Pakawa.

Pakawa na nini?

Na mto, na gogo juu ya mto.

Na penye gogo, nani?

Tuambie wewe, si ndiye unayejua yote.

Kweli, najua yote. Hii nimeipata kwa kunguru mwenyewe, na kunguru haongopi ila akishiba. Wewe pale kunja miguu, wenzako wapate nafasi.

Hapo kale palikuwa na nchi mbili jirani, Huku na Ng'ambo. Kati yao mto, na mto una mamba, na njia ya kuvuka ni gogo moja la mvule. Lakini waliogawana mto hawakugawana ukoo. Ukipiga chafya Huku, shangazi yako wa Ng'ambo anakuombea afya. Basi wafalme wawili wakakaa, wakala, wakatunga sheria. Sheria yenyewe fupi kama mkia wa sungura: mwenye kazi ya mikono na avuke, afanye kazi, arudi kwao. Wakaenda kulala. Mfalme akishatunga sheria huchoka sana.

Wakamweka Fisi penye gogo aisimamie. Wakampa kigoda. Fisi akakalia kigoda, kigoda kikampanda kichwani, na kila kulipokucha akaongeza kasheria kake mwenyewe: leo kigoda kisikae kitupu, kesho asivuke mtu bila kukaguliwa.

Sasa, Huku alikaa Kalunguyeye, yule bibi mdogo wa miiba anayejiviringa kama ndimu. Fundi wa mchwa, hana wa pili. Anaweka sikio penye nguzo, anasikiza, kwichi kwichi kwichi, anasema, "Wako hapa." Anachimbua, anawala, na ujira wake umo humo humo tumboni.

Siku moja Kunguru akatua mlangoni kwake.

"Mama Kanga wa Ng'ambo anakusalimu. Mchwa wameingia kihenge chake cha mbegu. Kilikuwa na nguzo nne, zimebaki tatu. Kikianguka, mtama wa kupanda hana tena, na vifaranga kumi na wawili wanamtazama mdomo."

Kalunguyeye na Mama Kanga ni marafiki wa tangu utoto. Akafunga kumbikumbi wa kukaanga katika jani la mgomba, huyo, tuku tuku tuku, mpaka penye gogo. Akakuta foleni. Ngedere mkwezi yupo, Nyuki wa asali yupo, Kobe mchimba mifereji yupo tangu juzi.

"Shikamoo, Bwana Fisi."

"Marahaba. Una kazi Ng'ambo?"

"Ninayo."

"Iko wapi?"

"Iko Ng'ambo."

"Basi kailete niione."

"Nitaileta vipi, Bwana Mkubwa, nami sijavuka?"

"Hilo la kwako. Na huo mzigo ukaguliwe." Fisi akaukagua, nyam, nyam, nyam, jani likabaki peke yake. "Mzigo hauna kosa. Rudi kesho."

Kalunguyeye akarudi, tuku tuku tuku. Jioni Kunguru akaja. "Nguzo zimebaki mbili. Nimekuletea unyoya wa Mama Kanga, uwe ushahidi."

Kesho yake, tuku tuku tuku, na unyoya wa madoadoa, na kifurushi cha senene.

"Una kazi Ng'ambo?"

"Ninayo, na mwenye kazi ameleta unyoya wake."

Fisi akaunusa. "Unyoya huu umetoka Ng'ambo?"

"Naam."

"Nani aliuruhusu kuvuka?"

Fisi akakagua senene, nyam, nyam, nyam, akachokonolea meno kwa ule unyoya. "Rudi kesho."

Jioni Kunguru akaja, sauti imemkauka. "Nguzo imebaki moja. Kihenge kimeinama kama mlevi anayetafuta kiatu."

Kalunguyeye hakulala vizuri. Akajiviringa kushoto, akajiviringa kulia. Alfajiri akamuuliza Kunguru, "Juzi uliniambia mfalme wa Ng'ambo amefanya karamu. Mifupa ilitupwa?"

"Imelala uwanjani, mlima mzima."

Basi siku ya tatu akaenda mikono mitupu. Fisi akachungulia nyuma yake, akachungulia chini yake.

"Mzigo uko wapi?"

"Leo sivuki, mjomba. Nimepita tu kuwatangazia watu kazi. Mfalme wa Ng'ambo anatafuta fundi wa kukwangua mifupa ya karamu. Lakini huku kwetu nani ana meno ya kazi hiyo?"

Mate yakamtoka Fisi, chiri chiri chiri. Akasimama. "Mimi ninayo. Navuka."

"Bwana Mkubwa unavuka kwenda kazini?"

"Ndiyo."

"Basi leo u mfanyakazi kama sisi. Nani atakukagua? Si wewe uliyesema kigoda hakikai kitupu na hakuna avukaye bila kukaguliwa?"

Fisi akajikuna. Kweli alisema, na foleni nzima ilimsikia.

"Kalia wewe kidogo," akasema. "Niulize upesi, nivuke."

Kalunguyeye akapanda kigodani. Miguu haikufika chini. Akakohoa kikubwa.

"Una kazi Ng'ambo?"

"Ninayo."

"Iko wapi?"

"Si iko Ng'ambo."

"Basi kailete niione."

"We kijimama, nitaileta vipi nami sijavuka?"

Ngedere akaziba mdomo kwa mkia. Kalunguyeye akatikisa kichwa kwa huruma.

"Hata mimi nilijiuliza hivyo hivyo, mjomba. Lakini ndiyo sheria. Aliyeiweka ndiye awezaye kuiondoa, na aiondoe mbele ya watu."

Upepo ukavuma kutoka Ng'ambo, umebeba harufu ya mifupa. Fisi akapiga kelele mpaka mamba wakazama, chubwi. "Ninaiondoa! Mwenye kazi avuke, kazi ataionyesha akifika!"

"Na mzigo?"

"Ukaguliwe kwa macho."

"Na mdomo?"

"Mdomo ufungwe. Nipitishe, tafadhali."

"Pita, mjomba."

Fisi akavuka, kwata kwata kwata. Kalunguyeye akashuka, akaviringisha jiwe, akaliweka kigodani ili kisikae kitupu. Nyuki akavuka, Ngedere akavuka, Kobe akavuka kabla jua halijazama. Kila apitaye anasema, "Shikamoo, Bwana Jiwe," na Jiwe halimuulizi mtu kitu.

Kalunguyeye alifika nguzo ikilia. Kwichi kwichi kwichi. "Wako hapa." Akala mpaka miiba ikasimama. Mama Kanga akamkumbatia, akachomwa, akamkumbatia tena. Mbegu zikapona.

Na Fisi? Alikwangua mifupa siku saba, akanenepa, akafanya kazi kwa mara ya kwanza maishani na ikampendeza. Akavuka gogo kurudi, mwisho wake akakuta Jiwe kigodani. Akasimama kwa adabu asubiri kuulizwa. Akasubiri asubuhi, akasubiri adhuhuri. Kalunguyeye akarudi kutoka kazini akamkuta pale pale.

"Unangoja nini, mjomba?"

"Afisa hajaniuliza."

Kalunguyeye akamwonea huruma. Akasogea nyuma ya Jiwe, akakohoa kikubwa. "Kazi umeifanya?"

"Nimeifanya."

"Basi pita, nyumbani wanakungoja."

Wakashika njia ya nyumbani pamoja, mmoja kwata, mmoja tuku.

Ngano imevuka gogo, mimi nimebaki Huku na koo kavu. Funzo lake ni hili, mlishike: nchi haiendi bila Fisi mlangoni. Mkiniuliza zile nchi mbili ziliendaje na jiwe mlangoni, mimi niliishia darasa la nne, waulizeni waliomaliza.