Talaso na Chumvi ya Mlimani

Hadithi inakuja!
—Na ije, tuko macho!
Atakayesinzia simsimulii tena.

Hapo kale palikuwa na nchi ya chumvi, tambarare tupu, jua lake kali hata mjusi akisimama hubadilisha miguu. Huko aliishi Talaso, mkata chumvi. Watu wake walibadilisha chumvi kwa maji. Mwaka mmoja upepo ukaimwagia chumvi vumbi jekundu, wenye maji wakaikataa. Midomo ya watoto ikapasuka.

Ngamia wake akasema, "Mama, mlima ule kichwa chake cheupe. Si chumvi ile?"

"Kama si chumvi, ni uji? Twende!"

Siku ya kwanza, jua likapoa. Siku ya pili, pumzi zikatoka moshi.

"Mama, naungua ndani!"

"Ungeungua ningesikia harufu ya nyama. Tembea!"

Siku ya tatu wakaufikia weupe. Kimya. Hata nzi hakuna. Talaso akakanyaga, mguu ukamuuma kama amekanyaga kaa la moto, na moto haupo. Tangu azaliwe hakujua kwamba pana mahali ambapo jua hutazama tu, halina la kufanya.

Sauti ikatoka chini ya nyayo zake: "Nani ananikanyaga mgongo?"

"Talaso, mkata chumvi. Wewe nani?"

"Mimi Baridi. Onja kwanza unachotaka kukata."

"Kwetu anayeonja chumvi kabla ya kuifikisha nyumbani ni mwizi. Sionji."

Baridi akacheka, mlima mzima ukalia kaa! kaa! kaa!

Talaso akakata kwa shoka mapande matatu, akayafunga kwa mikeka, wakashuka.

Siku ya kwanza: "Mama, mzigo unatoka jasho."

"Jasho ni lako. Tembea!"

Siku ya pili: "Mama, mzigo unatoka jasho."

"Tembea!"

Siku ya tatu: "Mama, mzigo unaniishia mgongoni!"

Talaso akafungua. Mikeka miwili mitupu. Wa tatu una kipande kama kichwa cha mbuzi, nacho kinadondoka mchangani, to, to, to. Huku mwiko wa mama zake, huku watoto wenye kiu. Akalamba.

"Maji! Maji yaliyogeuka jiwe!"

Akakitia ndani ya kiriba cha ngozi, akakifunga mdomo, akakimbia, jua likimchoma kisogo.

Kijijini watoto wakanywa mafunda matatu matatu. Elema, mkubwa wa wakata chumvi, akafoka, "Umeonja njiani! Mwizi!"

"Nimeonja. Sasa kunywa au nipishe."

Elema akanywa, akashika taya. "Yaniuma meno!" Mzee mzima akaruka kama mwanambuzi, kisha akanyoosha kibuyu aongezewe.

Kulipokucha kijiji kizima kikashika njia ya mlimani na viriba. Na kila aliyefika alilamba kwanza.

Basi sikieni: jua la kwenu si jua la dunia nzima. Ukifika ugenini, ulimi utangulie shoka.

Hadithi imefika, mimi nimechoka. Niliwaomba kipande, wakaniambia, "Bibi, kwa meno hayo mawili?" Wajinga hao, kwani kile hutafunwa?