Haibiskasi ya Mlangoni

Kwaruza kabla ya kung'oa. Methali hiyo mmeisikia leo kwa jirani, mkanijia mbio kuuliza imetoka wapi. Kaeni. Ilianzia kwenye ukucha wa mama mmoja wa huku kwetu Makete.

Binti yake, Ezelina, aliyeachia shule darasa la nne, ndiye aliyeona kwanza: ukucha wa gumba la mama ulikuwa na rangi ya kijani isiyotoka hata siku ya kufua. Kila Juni, barafu ya alfajiri ikichoma bustani, ua lao la haibiskasi la mlangoni lilikauka, likabaki vijiti kama vya kuni. Mama aliinama, akakwaruza gamba la shina karibu kabisa na udongo. Akiona kijani, alijua shina li hai bado; alikata vijiti, akalifunika kwa samadi na majani makavu, kisha akasubiri. Mimea mingine yote ilitangulia kuchipua. Lile lilikuja mwisho, na maua mapana kama sahani.

Mwaka mmoja mama akafariki mwezi wa tano. Mumewe, Mzee Luvanda, akawa hagusi chakula. Barafu ya Juni ilipolikausha ua, alikaa tu mlangoni, macho kwenye vile vijiti.

"Alilipanda siku nilipomleta hapa," alimwambia Ezelina. "Likichanua tena, nami nitainuka."

Mwezi wa nane ukoo ukaja kuanua matanga. Desturi yao ilikuwa kung'oa kila kilichokauka uani, kifo kisipate pa kukaa. Mzee alikuwa amekwenda kaburini na wanaume. Shangazi Tulalumba akasimama mbele ya lile ua la haibiskasi.

"Hata hili limemfuata wifi yangu! Ezelina, mtoto wa marehemu ndiye hung'oa. Shika jembe."

Ezelina akalishika, asiliinue.

"Shangazi..."

"Sema basi! Au ulimi uliuacha darasa la nne?"

Wanawake wakacheka. Binti akainamisha kichwa, akapiga jembe.

Shina likapasuka katikati. Mzizi ulikuwa mweupe, unatoa maji, na machipukizi mekundu yalikuwa yameanza kutokeza ubavuni. Kicheko kikakatika.

"Mungu wangu," akasema shangazi. "Mbona lilikuwa hai?"

Walirudisha vipande ardhini, wakavimwagia maji. Vikaoza. Mzee aliporudi alitazama udongo uliofukuliwa. Akaingia ndani, na tangu siku hiyo hakukaa tena mlangoni. Mvua za Novemba zilimkuta amelala kando ya mkewe.

Hapo ndipo watu wakaanza kuambiana: kwaruza kabla ya kung'oa. Shangazi ndiye aliyeisema zaidi, hadi uzeeni, akijilaumu kwamba siku ile hakuna aliyekwaruza.

Ezelina huyo ni mimi, wajukuu zangu. Na kuna jambo sikumwambia shangazi, wala baba, wala babu yenu. Asubuhi ile, kabla wageni hawajafika, niliinama mlangoni nikakwaruza. Kijani nilikiona. Kilikuwa bado kwenye ukucha wangu niliposhika jembe.

Kwaruza kabla ya kung'oa. Na ukishaona kijani, sema.